Nilivyousikia Msiba Wangu Nikiwa Chumbani

Ilianza Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, saa saba na robo mchana. Saa naijua kwa sababu simu iliiandika yenyewe chini ya picha, na kwa sababu mpaka jioni watu wa mtaa wetu walikuwa wakiitaja kama saa niliyokufa.

Naandika taratibu.

Mama alikuwa Makutupora. Msimu wa zabibu anaondoka alfajiri na gari la shamba, pikapu ya wazi inayobeba wachumaji, na kurudi kwenye saa kumi, vidole vinanata na nywele zimejaa vumbi. Simu haendi nayo. Aliyokuwa nayo zamani ilitumbukia kwenye ndoo huko shambani, na tangu hapo anasema simu na zabibu havipatani. Ananiachia mimi, kwa masharti: nguo zifuliwe, maji yachotwe, halafu nifanye nitakalo. Baba yuko Mtera kwenye biashara ya samaki, na simu yake ni ya kitochi, haioni picha. Kwa hiyo Jumamosi nyumba nzima ni yangu, na ninachotaka ni kimoja tu, kuangalia anime, katuni za Kijapani.

Mimi ni mtu wa aibu. Siandiki hivyo ili nionewe huruma, ndivyo nilivyo. Niko kidato cha tatu na kuna walimu ambao hawajawahi kuisikia sauti yangu. Darasani naitwa yule wa dirishani. Mtu akipiga hodi nyumbani na mama hayupo, nakaa kimya mpaka aondoke. Nazima redio, nasimama nilipo kama mjusi ukutani. Mama ameshanisema mpaka amechoka. Anasema mgeni haumi.

Kwenye grupu letu la anime mimi si huyo. Kule nina uso wa kuchorwa, nywele fupi za buluu, na maneno hayaniishi. Nabishana na wavulana wa Mwanza, nawachekesha watu wa Mbeya ambao sitawaona maishani. Kuna mmoja aliwahi kuandika kwamba bila mimi grupu lingepooza. Sentensi ile niliisoma mara nyingi kuliko daftari langu lolote la baiolojia.

Wiki ile tulikuwa tunafuatilia anime moja ya kutisha kimyakimya, haina damu, haina majini. Ni msichana wa shule anayetengeneza sura yake ndani ya simu ili imjibie ujumbe. Sura inajibu vizuri kuliko yeye. Inawapa pole wagonjwa, inamchekesha mama yake aliyeko kazini. Kila inavyozidi kupendwa, msichana mwenyewe anapungua rangi. Vinaanza viatu, inafuata sketi, inafuata mikono, mpaka anabaki mweusi na mweupe katikati ya mji wa rangi. Sehemu ya mwisho anarudi nyumbani, anasimama pembeni ya meza, na mama yake anaisalimia simu. Binti mwenyewe hamwoni kabisa. Basi msichana anasema: mwili nimeuacha, nipo huku. Majina ya watengenezaji yanapanda, imekwisha.

Niliimaliza nimekaa sakafuni, beseni la nguo liko pembeni, povu limeshakufa. Nilishtuka, lakini si kwa sababu alipotea. Nilishtuka kwa sababu nilimwonea wivu.

Ndipo nikaamua, kwa mara ya kwanza, kuwaonyesha wenzangu wa grupu uso wangu wa kweli. Nilitafuta picha yangu ya kipaimara, yenye gauni jeupe, ndiyo pekee ambayo sikufumba macho. Nikaiondoa rangi, niwe kama yule msichana. Programu ya kuhariri ilikuwa na fremu moja tu ya bure, ya maua meupe, nikaitumia. Chini nikaandika: Mwili nimeuacha. Nipo huku. Nikaona nimetoa kitu kizuri sana.

Kwenye simu ile kuna akaunti mbili za ujumbe, ya mama na yangu. Alama za kuzifungulia zimekaa jirani na zote ni za kijani. Nikafungua moja, nikaiweka picha kwenye stetasi, nikasubiri. Kabla sijaona chochote simu ikazima. Chaji ilikuwa imekwisha, na umeme ulikatika tangu asubuhi. Nikaanika nguo, nikafunga komeo la mlango kwa ndani kama kawaida yangu, nikajilaza.

Akaunti niliyofungua ilikuwa ya mama.

Niliamshwa na hodi. Sauti ya mwanamke, ya upole kupita kiasi. Nikatulia. Hodi nyingine, za watu zaidi. Nikavuta shuka mpaka kidevuni. Nikamsikia jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama muuza chapati, akisema hakuna mtu, watakuwa hospitali wote. Nikafikiri, sawa, wataondoka.

Hawakuondoka. Nilisikia viti vya plastiki vinashushwa. Nilisikia mkeka unakung'utwa, kuni zinapasuliwa, sufuria kubwa inaburuzwa kwenye mchanga. Halafu mwanamke mmoja akaanza kulia, kilio cha kuanzia juu na kushuka, na wengine wakampokea.

Kilio kile kila mtu anakijua. Nikakaa kitako kitandani. Msiba, mlangoni petu. Na mtu aliyetoka asubuhi kwenye nyumba hii ni mmoja tu, kapanda nyuma ya pikapu ya wazi, kwenye barabara yenye malori.

Nikajua mama amekufa.

Hata sasa siwezi kuieleza vizuri hali ile. Sikulia. Niliangalia ndoo, nikafikiri ndoo hii sasa ni ya nani. Nikaangalia kanga yake juu ya msumari. Nikatambaa mpaka dirishani, nikasogeza pazia upana wa kidole.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake kwenye mkeka, kanga kichwani. Wanaume kwenye viti kando ya ua wa minyaa, upepo unawapiga vumbi na hawajali. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee anayetembea na kofia hata ndani ya kanisa, alikuwa anawapanga vijana nani aende kutafuta turubai. Chini kabisa ya dirisha langu walikaa wavulana wawili wa mtaani, wale wa kuosha bodaboda.

"Mimi sauti yake hata siijui," mmoja alisema.

"Aliwahi kunipa shikamoo. Nikadhani redio."

"Shikamoo wewe? Una miaka mingapi?"

"Alikuwa anaangalia chini, mwanangu. Aliona viatu vya baba nilivyovaa."

Wakacheka kwa pua, kisha wakakumbuka wako wapi, wakanyamaza. Mmoja akatoa simu, akamwonyesha mwenzake. Kutoka juu niliiona vizuri. Gauni jeupe, maua meupe, uso wangu hauna rangi.

Nilirudi nyuma nikagonga kitanda. Hakuna aliyesikia.

Huenda mtu wa mbali asielewe ilikuwaje watu wazima wote wale wasiulize. Kwetu ukiona kwenye stetasi ya mama picha ya mwanawe, imetolewa rangi, imezungushiwa maua, humpigii simu kuuliza kama ni kweli. Swali hilo mfiwa haulizwi. Ni kama kumwambia athibitishe machozi yake. Unafunga kanga, unachukua unga au kuni, unakwenda. Ukikuta mlango umefungwa unajua wako mochwari, unakaa, unaanza kazi. Walifanya kila kitu sawasawa. Hakuna aliyekosea isipokuwa kidole changu.

Nilipaswa kufungua mlango sekunde ile. Naandika ukweli: sikufungua. Nilisimama nyuma ya pazia nikisikiliza, na nilichosikia kilinishtua kuliko picha.

Mama muuza chapati alikuwa anasimulia kwamba kila asubuhi nilikuwa namsaidia ndoo yake ya maji. Sijawahi. Nilikuwa nasubiri apite ndipo nitoke. Mwingine akasema nilikuwa naimba vizuri, sauti ya malaika. Mwingine, huyu sikumfahamu kabisa, akasema nilimsalimia kwa Kigogo, mbukwa, nikashika mkono wake kwa mikono miwili, na hakujua kama watoto wa siku hizi bado wanaweza hivyo. Walikuwa wanalia kweli. Machozi yalikuwa ya kweli, na binti waliyekuwa wanamlilia hayupo. Walishamtengeneza, mchangamfu, msikivu, mwenye mikono ya kusaidia, na alikuwa bora kuliko mimi kwa kila kitu.

Nikaangalia mikono yangu. Mchana ule, pazia likiwa limefungwa, ilikuwa ya kijivu. Nikaisugua. Nikafungua mdomo niseme jina langu, nikashindwa kukumbuka linaanza kwa sauti gani. Kwa dakika chache, sitanii, sikuwa na uhakika ni yupi kati yetu aliyekuwa chumbani. Kulikuwa na yule wa nywele za buluu, na huyu wanayemlilia, na halafu mimi. Wale wawili walikuwa na watu. Nikawaza, nikikaa kimya muda mrefu wa kutosha, itakuwaje?

Kilichonitoa huko ni sauti ya balozi. Alimuuliza mama muuza chapati kama mfiwa mwenyewe amepatikana. Akajibiwa kwamba ndiyo wamejua sasa hivi, hakuwa hospitali, yuko shamba, simu hakwenda nayo.

"Sasa aliyeweka picha ni nani?" balozi aliuliza.

"Mzee, ndugu mmoja kaishika simu. Tutaulizana hayo leo?"

"Na mfiwa mwenyewe anajua?"

"Hajui. Wamekwenda wawili kumpokea barabarani. Watamshika tu wamlete, wasimwambie kitu mpaka akae chini."

Mama ana presha. Mwaka jana alianguka sokoni kwa habari ya mdogo wake, na hiyo ilikuwa habari ya ajali ndogo. Daktari alituambia mimi na baba, mbele yake, kwamba mshtuko mwingine mkubwa ungeweza kuwa wa mwisho. Na mimi najua wanavyokushika. Wanakupokea mzigo, wanakuingilia kwapani huku na huku, wanasema twende nyumbani kwanza. Hakuna mtu mzima hapa asiyejua maana ya kushikwa hivyo. Mama angejua kabla ya hatua ya tatu, na mtoto ana mmoja tu.

Nyumba yetu haina mlango wa nyuma. Madirisha yana nondo. Njia ilikuwa moja, katikati ya watu wote wale.

Nilishika komeo. Niliachia. Nilishika tena. Ningeweza kusema ujasiri ulinijia lakini haukuja. Nilitetemeka mpaka komeo likawa linagonga lenyewe kwenye ubao, na nje wakasikia, wakanyamaza. Nikavuta.

Jua lilinipiga usoni. Niliwaona wote wamenigeukia. Mama muuza chapati alikuwa na mwiko mkononi, uji unadondoka mguuni kwake na hausikii. Kiti cha plastiki kilianguka. Mvulana mmoja wa bodaboda alirudi nyuma, nyuma, mpaka akaingia kwenye minyaa, na akapita upande wa pili. Walikuwa wananiangalia kama mtu anavyoangalia shimo lililofunguka ghafla mbele ya miguu yake.

Na mimi nikasema neno pekee ninalojua kuwaambia watu wazima.

"Shikamooni."

"Marahaba," balozi akajibu. Mdomo ulijibu wenyewe, yeye mwenyewe alikuwa bado kaduwaa.

Nikakimbia.

Kutoka kwetu mpaka anaposhukia mama ni mwendo wa kupita kanisani, mashine ya kusaga, halafu uwanja wenye mawe. Sikuwa na viatu. Kwenye mashine mtu mmoja aliniona akaweka mkono mdomoni. Upepo ulikuwa unanijia usoni na kunijaza vumbi, nikawa nasema mama, mama, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejifunza kulitamka.

Pikapu ilikuwa imeshaondoka. Niliwaona wanakuja kwenye njia ya mawe, wanawake watatu. Wa katikati alikuwa ni yeye. Mmoja amembebea mfuko wake, wote wawili wamemshika kwapani. Hakuwa analia. Alikuwa anauliza kitu kilekile, nilimwona midomo, nani, nani, na wao wanasema twende nyumbani kwanza.

Nikasimama. Niliita na sauti haikutoka. Nilikuwa mbele yake kabisa, na macho yake yalinipita, yakaenda nyuma yangu kwenye barabara ya kwetu, yakitafuta watu uwanjani kwetu. Kama kwenye ile anime. Mama yangu alikuwa ananiangalia na hanioni.

Sijui nilichofanya kooni kwangu. Kitu kilipasuka. Niliita kwa nguvu ambayo sijawahi kuitumia kwa lolote, mbwa wa jirani na uwanja akabweka.

Wale wanawake wawili walimwachia. Mmoja aliangusha mfuko. Mama alisimama peke yake, anapepesuka, ananitazama kuanzia miguuni. Kisha akawageukia.

"Mnamwona na nyie?"

Akauliza tena, taratibu zaidi, na mmoja akaitikia kwa kichwa.

Mama akaja mpaka karibu. Hakunikumbatia. Alinishika sikio kwa vidole vinavyonata zabibu, akalifinya, akazidi kulifinya mpaka nikalia kwa maumivu. Aliposikia nalia ndipo akakaa chini, palepale kwenye mawe, akakaa muda mrefu anahema, kashikilia kifundo changu cha mguu kama kamba ya mbuzi. Nilihesabu pumzi zake. Niliogopa kwamba moja ingekuwa ya mwisho. Zikaendelea.

Nyumbani balozi aliwaeleza watu kwa niaba yetu, maana mimi nilieleza kwa kunong'ona. Wengine walicheka mpaka wakafuta machozi kwa kanga zilezile. Wengine walikasirika, hasa mwanamke aliyefunga genge lake la mboga mapema, na alisema mbele yangu kwamba katuni zitatumaliza. Uji ulikuwa umeiva, balozi akasema haumwagwi, basi wakanywa. Nilikaa kwenye mkeka katikati yao, kila anayepita ananigusa bega, kichwa, mkono. Hawakuwa wananibembeleza. Walikuwa wanahakikisha.

Umeme ulirudi kabla jua halijazama. Mama akawasha simu. Kwenye akaunti yake zilimiminika pole kutoka Chemba, kutoka Mtera, kutoka kwa watu ambao sijui walivyohusiana nasi. Rafiki wa baba alikuwa ameandika kwamba anamtafuta baba bwawani amwambie, tulimwahi. Kwenye akaunti yangu kulikuwa na ujumbe mmoja wa grupu unaoniuliza nimepotelea wapi leo, halafu wakaendelea kubishana kuhusu mwisho wa ile anime.

Mama akataka aione. Nikamwonyesha sehemu ya mwisho, nikimtafsiria maandishi. Aliangalia, uso karibu na kioo. Msichana alipopita mtaani hana rangi na hakuna anayemgeukia, mama aliisimamisha.

"Huyu hana majirani?"

Nikasema labda kule hawapigi hodi.

Akanirudishia simu. Nilidhani angeichukua na nisingeiona tena, nilishajiandaa. Aliitazama mikono yake badala yake, akaanza kutoa maganda ya zabibu chini ya kucha.

"Kesho kabla ya misa utawapitia waliokulilia. Nyumba kwa nyumba. Peke yako. Wakuone."

Nikamwambia siwezi. Akasema mchana ule alidhani hana mtoto, na aliweza kutembea.

Asubuhi yake, yaani leo, niliamka kabla yake. Nikamgusa mkono, ulikuwa wa moto, anapumua vizuri. Nikaoga maji ya baridi, nikavaa gauni la rangi ya chungwa ambalo huwa silivai kwa sababu linaonekana. Nikatoka. Jua lilikuwa halijapanda ua wa minyaa, na baridi ya mwezi wa nane iling'ata vidole vya miguu. Nikaanzia nyumba ya yule aliyefunga genge, ili ngumu itangulie. Nikapiga hodi. Ndani vikombe vikaacha kugongana.

"Nani?" akauliza.

Nikataja jina langu, na la baba, na la babu, kwa sauti ya kufika barabarani, nikabaki nimesimama mlangoni mpaka akafungua.